Gari la Nyuma Limewasha Taa

Nyinyi vijana mmenikasirisha, na leo nitasema. Juzi nilikuwa nimekaa kwa binti yangu Wakesho huku Al Wukair, AC inanipuliza magotini, nikafungua simu kusoma salamu kwenye kile kikundi chetu cha Wakenya tunaofanya na tuliofanya kazi ya utalii hapa Doha. Mara naona tangazo. Mlima unatapika moto, mbele yake familia inatabasamu, na juu kuna maneno mekundu makubwa: MOTO UMEHAKIKISHWA. Nikaweka chai chini. Nikawauliza kwa adabu kabisa, mtu mzima mimi, huko mlimani mpagazi wa mwisho kwenye msafara anaitwa nani? Mkanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Mmoja wenu akaandika, "Mzee Mwakio, hiyo ni kazi ya watu wa ground."

Watu wa ground, yaani wale wa kule chini mlimani! Haya, kaeni chini.

Kwanza mnielewe. Mimi si mtu wa kuwatisha watu na milima. Wageni nimewapeleka kuangalia moto wa ardhini, wakarudi na picha zao na hadithi zao, na wapo wanaonisalimia mpaka leo tukikutana dukani Al Thumama. Kinachonichoma ni hilo neno. Kuhakikisha! Wewe umekaa hapa Doha, hujui hata lifti ya jengo lako itafanya kazi kesho, halafu unamhakikishia mtu mlima.

Nilifika hapa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikitokea Voi, dereva wa mbuga, nimezoea ndovu na matope. Kampuni iliyonichukua ilikuwa na ofisi ndogo mtaa wa Najma, katikati ya kinyozi na duka la mashuka, na kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka wageni jangwani. Siku ya kwanza nikaambiwa nitoe upepo kwenye matairi kabla ya kuingia mchangani. Nikadhani wananichezea kwa sababu ni mgeni. Kwetu mbugani tairi laini lilikuwa kesi. Kumbe mchanga unataka tairi lililolegea, likanyage kwa upana, na ukitoka unalijaza tena kabla ya kugusa lami. Nilijifunza hivyo nikiwa na nywele nyeusi, na madereva wenzangu walinicheka wiki nzima.

Mwenye kampuni alikuwa mzee wa Kiqatari tuliyemwita Abu Nasser. Ofisini humwoni, lakini jangwani hakosi. Msafara ukienda na wageni wakubwa, gari la mbele alikuwa anaendesha mwenyewe, kanzu ameikunja mpaka magotini, kilemba amekitupa kiti cha nyuma. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ambayo naona nyinyi hamkufundishwa na mtu. Gari la mbele ni la anayejua njia. Gari la nyuma ni la unayemwamini kuliko wote, kwa sababu huyo ndiye anayewaona wenzake wote na hakuna anayemwona yeye. Gari la nyuma likiwasha taa, msafara mzima unasimama. Hakuna kuulizana kwenye redio kuna nini. Mnasimama kwanza, maswali baadaye.

Siku moja aliyekuwa nyuma ni Kato, Mganda mmoja mpole sana. Akaona gari la katikati linaacha njia na kuelekea sabkha. Sabkha ni ile ardhi ya chumvi, juu imekauka unaiona ngumu, chini ni uji mtupu. Kato akawasha taa. Abu Nasser akasimama palepale. Lakini yule dereva wa katikati alikuwa akiwaonyesha wageni ufundi wake, kioo cha kutazamia nyuma hakukiangalia, gari likazama mpaka milangoni. Tulilivuta mpaka mikono ikakataa. Abu Nasser hakumgombeza kwa kuzama. Alimwendea taratibu, akaingiza mkono dirishani, akakigusa kile kioo cha kati kwa kidole.

"Hiki kimewekwa cha nini?" akamuuliza. "Cha kuchania ndevu?"

Tulicheka, hata aliyezama akacheka. Kato, ambaye hapendi makosa, akauliza, "Na nikiwasha taa halafu ikawa hakuna kitu?"

"Tutakuwa tumesimama," mzee akajibu. "Kwani nani amewahi kufa kwa kusimama?"

Hayo yashikeni, tutayarudia.

Baadaye mgongo ulianza kunisumbua, wakanitoa kwenye usukani wakaniweka kwenye dawati la safari za nje. Kazi yangu ikawa kuwapanga watu wanaoishi Doha waende kutembea Afrika Mashariki, kwa sababu mimi nazijua barabara za kule na watu wa kule. Ndipo tukaanza kuuza Ol Doinyo Lengai. Ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Wakati huo ulikuwa na moto mpole. Lava yake ilikuwa nyeusi, inachuruzika ndani ya shimo la kileleni bila fujo. Wageni walipanda na wapagazi wao, wakapiga mahema kule juu, asubuhi wakashuka wamechafuka na wamefurahi.

Kiongozi wetu kule alikuwa Mmaasai anaitwa Lemburis. Sikuwa nimewahi kumtia machoni. Tulijuana kwa simu tu, lakini kwa simu tulijuana hasa. Nilijua kikohozi chake. Nilijua mkewe akikasirika, maana simu ilikuwa inapokelewa na sahani zinazogongwa. Hata kuwe na jambo zito namna gani, Lemburis hakuanza bila "shikamoo mzee," na hakuendelea mpaka nimeitikia.

Mengi ninayojua kuhusu kazi hii nilifundishwa na Lemburis, na nitawaambia bure, maana kwenye tangazo lenu sikuyaona. Kambi haiwekwi upande ambao upepo unapeleka majivu, na usitegemee upepo wa jana, utazame wa asubuhi hiyo. Usiwalaze watu kwenye korongo hata likiwa na kivuli kizuri namna gani, kwa sababu kitu kikishuka kutoka juu kitapitia humo humo. Magari yaegeshwe yakitazama njia ya kutokea, na funguo zibaki ndani. Majivu yakianguka kwenye kioo cha mbele, wewe dereva usiye na subira, usiwashe waipa. Yale ni mchanga wa mawe, utakwaruza kioo chote, kisha utaendesha ukichungulia kwenye mikwaruzo. Mwaga maji kwanza. Anayevaa lenzi machoni azitoe avae miwani. Na mgeni usimwambie ataona moto. Mwambie ataona mlima. Moto akiuona, ashukuru.

Wageni nao, jamani. Mama mmoja alinipigia kuuliza moto unaanza saa ngapi, kwa sababu mtoto wake hulala mchana. Mwingine alitaka kujua kama Ijumaa kunakuwa na foleni. Kijana mmoja alikuja ofisini na kikaango kipya, stika bado iko chini, anataka kwenda kukaanga yai kwenye lava. Nikamwambia, bwana, kwa jua la hapa mwezi wa saba, weka yai juu ya boneti, utabakiza na nauli. Hao sikuwakasirikia. Mgeni ana haki ya kutojua. Ndiyo maana mimi na wewe tunalipwa.

Wa kukasirikia ni Wycliffe. Huyu alikuwa Mkenya mwenzetu, na ndiyo maana aliniuma zaidi. Alitoka hotelini, suti imekaa, marashi yanaingia mlangoni kabla yake, na maneno matamu mpaka unataka kumwongezea chai. Akafanywa meneja. Sikatai, alijua kuuza. Tatizo lake lilikuwa kwamba akishauza, kwake kazi imeisha.

Mlima ukabadilika. Ile lava ya kuchuruzika ikakoma, ukaanza kurusha majivu na mawe. Picha zikatoka kwenye magazeti na televisheni, lile wingu limesimama juu ya mlima, na simu za ofisi yetu zikaanza kulia. Mimi niliona wingu nikawaza watu wa chini yake. Wycliffe aliona wingu akamwita fundi wa maandishi. Nilipofika kazini siku iliyofuata, kioo chote cha ofisi kilikuwa kimeandikwa kwa wekundu, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu: moto umehakikishwa. Mnaona sasa kwa nini chai ilinishinda juzi? Nilidhani ni yeye tena.

Akapata kundi la wahandisi, marafiki watupu, wanataka kwenda likizo ya Idi. Si kwenda kutazama kwa mbali. Kupanda mpaka kileleni na kulala huko huko, kama zamani mlima ulipokuwa mpole. Nikamwambia Wycliffe, sasa hivi hakuna kileleni pa kulala. Akasema nisiwe na hofu za uzee. Wakati huo sikuwa hata mzee, ni mgongo tu.

Halafu Lemburis akapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri." Akakohoa kile kikohozi chake. Kisha akasema, "Mlima si ule tena, mzee wangu. Ardhi inatetemeka hata ukiwa umekaa unakula. Kina mama waliokwenda kuomba juzi waliishia chini kabisa, wakarudi. Na vijana wangu wa mizigo wamekuja kwangu wote pamoja, wamesema hawataki kupanda."

"Basi kataa," nikamwambia.

"Nikikataa, bosi wako atampigia kiongozi mwingine. Huyo mwingine atawachukua vijana hawa hawa, na wataenda, kwa sababu wana watoto. Mimi nimeshasema kwa sauti niliyonayo. Huku kwetu inaishia kwenye simu hii. Wewe uko karibu na wenye ofisi. Sema wewe."

Nilikata simu. Hasira niliyoisikia siku ile, haki ya Mungu, ninaisikia hata sasa nikiwaandikia. Mtu yuko chini ya mlima unaotetemeka, anaomba ruhusa ya kutokufa, na anaiomba kwa mtu aliyekaa Najma karibu na duka la mashuka.

Nikaingia kwa Wycliffe bila kubisha hodi.

"Wapagazi wamekataa," nikasema.

"Watafutwe wengine."

"Ni wale wale. Hakuna wengine."

Akacheka kidogo, akanionyesha kiti. Sikukaa. "Mzee Mwakio, wageni wote wametia sahihi kwamba wanajua hatari. Wanasheria wenyewe wamepitia. Kampuni iko salama."

"Na wapagazi wametia sahihi wapi?"

Hapo ndipo alinijibu yale maneno. Msidhani mmeyabuni nyinyi. Alisema, "Mzee, wapagazi ni watu wa ground." Kisha akaegemea mbele, tabasamu limekwisha. "Safari hii ukiiharibu, nitamwambia Abu Nasser umechoka, akupe tiketi ya kwenda nyumbani. Tena moja tu, ya kwenda. Tusielewane vibaya."

Tulielewana vizuri sana. Nyinyi mliokuja juzi labda hamjui ilivyokuwa. Visa yangu, kazi yangu, kitanda changu, ruhusa yangu ya kutoka nchini, vyote vilikuwa mkononi mwa mwenye kampuni, na neno la meneja ndilo lililomfikia. Wakesho alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi Nairobi. Leo ni sista mkubwa, anavaa saa ya kubana kwenye gauni na kunigombeza kuhusu chumvi. Wakati ule ningerudi Voi bila kazi, naye angerudi nyumbani kwa kukosa karo. Kwa hiyo msinipigie makofi ya ushujaa. Nilitoka ofisini kwa Wycliffe, nikaenda nikasimama kwa kinyozi nikijifanya nasubiri zamu.

Ila nilikumbuka kitu. Abu Nasser alikuwa na majlis, yaani baraza ya wageni, nyumbani kwake, mlango wazi kila jioni baada ya magharibi. Nyinyi mnapita nje ya zile baraza mkaona viatu vingi mlangoni, mkadhani mle ni mahali pa wakubwa kunywa gahwa, ile kahawa yao. Desturi yao si hiyo. Aliyeingia, akavua viatu, akasalimia kwa heshima kuanzia kulia, hata awe dereva, anapewa mahali pa kukaa na anasikilizwa. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimeingia mle mara chache tu, za kupeleka mkono wa Idi. Jioni hiyo nilivaa shati langu la kanisani nikaenda.

Nikasalimia wote. Nikakaa karibu na mlango. Nikaletewa kikombe. Na nani nimwone amekaa kando ya mzee? Mmoja wa wahandisi wenyewe, kiongozi wa lile kundi, rafiki wa Nasser mtoto wa mzee. Moyo ukaniambia ondoka, rudi kesho. Lakini kesho vitu vya kambi vilikuwa vinapakiwa.

"Mwakio," Abu Nasser akasema, "mgongo vipi?"

"Alhamdulillahi. Nimekuja kwa ajili ya mlima."

Yule mhandisi akageuka haraka. Si mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa kijana mchangamfu, amenunua viatu vipya vya kupandia. "Kuna nini na mlima?" akauliza.

Nikaeleza yote kwa Kiarabu changu cha jangwani, ambacho nusu yake ni majina ya vipuri. Nikasema mlima umebadilika, wapagazi hawataki, ofisi inasema waende hivyo hivyo. Mhandisi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mzee, sisi hatari tunaijua. Tumeikubali."

Hapo ndipo niliposahau visa, nikasahau tiketi. "Wewe umeikubali," nikamwambia. "Ni haki yako, ni roho yako. Sasa nani amemuuliza anayebeba hema lako? Wewe utapanda ukiwa umeshika fimbo na kamera. Yeye atapanda nyuma yako akiwa na hema, na maji yako, na godoro lako mgongoni. Mawe yakianza kuanguka, wewe utakimbia. Yeye atakimbia na nini?"

Kijana aliyekuwa akimimina kahawa akasimama na birika hewani. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mle ndani sauti haipandishwi. Nikajua nimeharibu. Nikamgeukia mzee, na sikuwa na Kiarabu kingine kilichobaki isipokuwa kile alichonifundisha yeye.

"Abu Nasser," nikasema, "gari la nyuma limewasha taa."

Hakuuliza ni hatari kiasi gani. Hakuuliza wanasheria wamesema nini, wala kama nina hakika. Aliuliza, "Nani yuko nyuma?"

"Lemburis. Na vijana wake."

"Unamwamini?"

"Kama ulivyomwamini Kato."

Akakitikisa kikombe chake kidogo, vile wanavyofanya kuonyesha kwamba kahawa imetosha, akamrudishia mwenye birika. "Khalas," akasema. "Hakuna anayepanda. Mtautazama kutoka ziwani."

Mhandisi akajaribu. "Ami, na kama tukifika mlima ukawa kimya?"

"Basi mtakuwa mmeona mlima," Abu Nasser akamwambia. "Kunywa kahawa."

Sasa najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie kwamba siku ile ile mlima ulilipuka, kilele kikapaa, wote wakaja kunishukuru wakilia. Kila nikisimulia hadithi hii lazima kuna mmoja anaketi vizuri akingoja mlipuko. Haukulipuka! Ulitulia tuli. Miezi iliyofuata ulirusha majivu tena na tena, wachungaji wakahamisha ng'ombe, lakini siku za Idi zote ulikaa kimya, mbingu safi kabisa, hata moshi wa sigara hakuna. Wahandisi walikaa kando ya Ziwa Natron wakipiga picha za ndege flamingo na kunitukana.

Nilimpigia Lemburis siku ile waliyokuwa walale kileleni.

"Shikamoo mzee," akasema. Kisha, kwa aibu, "Mlima umelala. Wageni wamekasirika sana. Naona nimekuponza."

"Vijana wako wako wapi?" nikamuuliza.

"Wapo hapa. Wageni walichinjiwa mbuzi, tumechinja na wetu."

Nikamwambia asogeze simu. Akasogeza. Nikasikia watu wanagombania mbavu. Mmoja analalamika amepewa mfupa mtupu, mwingine anamwambia meno yako ndiyo mabovu, wote wanacheka. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi Najma, jua la adhuhuri, jasho linanitiririka, nikawasikiliza mpaka salio likaisha. Sijawahi kusikia kelele nzuri namna ile. Halafu niingie ndani niambiwe nimekosea?

Na niliambiwa. Wycliffe alinisubiri na barua za malalamiko amezipanga mezani. Akasema nimeiaibisha kampuni, nimewanyima wageni kitu walichokifuata, na mlima wenyewe umenisuta. Jina likatoka hapo ofisini, Mzee Volkano. Wafanyakazi wenzangu, hao hao nilioshiriki nao wali, wakawa wananiuliza leo mlima umekutumia salamu gani. Niliumia. Nilimwambia Wycliffe, na nawaambia nyinyi, kwamba nilikuwa sahihi siku ile na ningekuwa sahihi hata mlima ungekaa kimya milele. Mtu akisema ardhi chini yangu inatetemeka, humngoji afe ndipo umwone mkweli. Nani aliwafundisha hesabu ya namna hiyo?

Wycliffe hakuweza kunikatia tiketi, kwa sababu mzee alikuwa ameshasema neno. Lakini dawati aliniondoa. Akanirudisha kwenye usukani, mgongo wangu na yote, nikatafune mchanga.

Baridi ilipoingia, Abu Nasser akawa na wageni wake wa heshima, msafara mrefu wa kwenda kwenye mchanga wa Sealine mpaka bahari ya ndani, ile inayoingia katikati ya jangwa. Wycliffe ndiye aliyepanga magari, amevaa miwani ya jua na viatu vya ofisini mchangani. Mimi akanipangia gari la mwisho kabisa, mkiani, ambako unakula vumbi la wote waliotangulia. Alilisema kwa sauti, ili wenzangu wasikie wacheke. Wakacheka. Kato peke yake ndiye hakucheka. Aliinama akaendelea kutoa upepo kwenye tairi lake.

Abu Nasser akapita akikagua, tairi moja moja, anabonyeza kwa kidole gumba. Akafika kwangu. Akanitazama nilivyokaa, akatazama msafara wote ulivyopangwa.

"Nani amemweka Mwakio nyuma?" akauliza.

Wycliffe akaja mbio, tabasamu tayari. "Mimi, bwana."

"Umefanya vizuri," mzee akamwambia. "Leo umefanya vizuri sana."

Wycliffe akabaki ameduwaa, hajui amesifiwa kwa lipi. Abu Nasser akaenda mpaka mbele, akaikunja kanzu yake, akaingia garini. Kabla ya kuondoka, nikamwona ananyoosha mkono juu, anakigeuza kile kioo cha kati polepole, mpaka kikatazama huku nyuma nilikokuwa.

Kwa hiyo msinitumie vikatuni. Nimewauliza swali moja, la watu wazima, kuhusu mlima mnaouza na moto mliouhakikisha. Mpagazi wa mwisho anaitwa nani, na akisema hapana, simu yake inapokelewa na nani? Simu yangu haijazimwa. Bado nasubiri jina.